Mshale unatikisa mkia na kutua kushoto, shida ni nini?

mlenga_porini:
Wadau naombeni msaada. Nina upinde wa mbao wenye nguvu ya kuvuta pauni 40, navuta kwa mkono wa kulia mpaka inchi 28, mshale naulaza juu ya mbao yenyewe pale juu ya mshikio. Ukitoka tu unatikisa mkia halafu unatua kushoto ya shabaha, mara nyingine mkia unapanda na kushuka kabisa. Mishale ni ya kaboni namba 340, manyoya ya plastiki, niliuziwa hivyohivyo. Ni mikono yangu au vifaa?

fundi_uta:
Mkuu 340 ni ngumu mno kwa pauni 40. Namba ikiwa ndogo ndo mshale mgumu, yani 500 maana yake uti (mwili wa mshale) ukishikiliwa sehemu mbili zilizoachana inchi 28 na kuning'iniziwa pauni 1.94 katikati unashuka nusu inchi, huo wako unashuka kama theluthi ya inchi tu. Ukiachia kamba mshale lazima ujipinde uuzunguke upinde, usipojipinda vya kutosha unagonga mbao na kwa anayevuta kulia unasukumwa kushoto. Tafuta 500 au 600, na usikimbilie kuikata maana ukikata unaiongezea ugumu. Ncha nzito inailainisha.

mkia_wa_kanga:
Naunga mkono, ila na hiyo plastiki itoe. Kwa kulaza juu ya mbao unataka manyoya ya ndege kwa sababu yakigusa yanalala, plastiki inagoma inautupa mkia. Yote matatu yatoke bawa la upande mmoja. Angalia wawindaji Wahadzabe kule ziwa Eyasi, Tanzania, wanafunga manyoya ya kanga na uti wanaunyoosha kwa moto na meno, wanajua uti uliopinda hauna dawa nyingine!

mlenga_porini:
Asanteni sana wakuu. Na kule kupanda na kushuka?

fundi_uta:
Hapo ni pale unapochomeka mshale kwenye kamba. Ukipata mishale mipya funga uzi uwe alama, anzia juu, kama nusu inchi kupita usawa wa mbao, piga mshale usio na manyoya toka mita 10 hivi, uwe unashusha kidogokidogo mpaka uingie umenyooka. Usianzie chini kaka, mshale utadunda kwenye mbao mkia uruke juu, na wewe utadhani alama iko juu sana uzidi kuishusha.