Mama alisema mtoto hakupata degedege, kumbe alipata. Nihoji vipi?

Mwanafunzi_Tabibu (Kisumu)
Hamjambo wadau. Nasomea utabibu, sasa niko wodi ya watoto. Jana nilimpokea mtoto wa miezi 7, homa siku 2. Nikamwuliza mama, "Alipata degedege?" Akasema hapana. Baadaye nesi akamwuliza tu, "Usiku alikuwaje?" Mama akaeleza macho yalivyopinduka na mikono ilivyokakamaa. Mtoto anaendelea vizuri, lakini usiku usingizi ulinikataa. Ninyi huanzia wapi na mgonjwa asiyeweza kujisemea?

NesiNyalenda
Usiulize jina la ugonjwa, uliza alichokiona. Mama wengine wakisikia degedege hudhani unasema kifafa, na hilo hawalikubali hadharani. Mwambie, "Nionyeshe alivyofanya." Kabla ya yote mimi huuliza manne: anashindwa kunyonya au kunywa? Anatapika kila kitu? Alikakamaa au kutetemeka? Amelegea, haamki? Likiwepo hata moja, ashughulikiwe kwanza. Maswali ya alizaliwa wapi yatangoja.

MamaPacha
Mimi si daktari, ni mzazi. Mkiuliza "ananyonya vizuri?" tutajibu ndiyo, nani anataka kuonekana mama mbaya? Uliza alinyonya mwisho saa ngapi, na nepi ngapi zimelowa tangu asubuhi. Dawa ya kienyeji nayo tuulizeni bila kukunja uso. Niliwahi kuficha nikiogopa kugombezwa, na mpaka leo inaniuma.

TabibuMzee (Kakamega)
Omba kijitabu cha mama na mtoto. Humo utaona uzito wa kuzaliwa, mchoro wa ukuaji na chanjo: penta (ya magonjwa matano) wiki ya 6, 10 na 14, surua miezi 9. Ya malaria, iliyoanza huku kwetu 2019, dozi ya kwanza ni miezi 6, kwa hiyo huyo wako alistahili kuwa nayo. Akiletwa na dani, yaani bibi yake, mpigie mama simu, usijaze kwa kubahatisha. Na uliza kama kuna ndugu yake anayeongezewa damu mara kwa mara. Seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, iko sana pande hizi.

Mwanafunzi_Tabibu
Asanteni sana. Nesi, leo nimesema "nionyeshe" kwa mama aliyeleta mtoto wa kikohozi. Akafunua shati la mtoto, akanionyesha mbavu zinavyoingia ndani mtoto akivuta pumzi. Nilikuwa bado niko kwenye swali la makohozi.

NesiNyalenda
Ulihesabu pumzi dakika nzima?

Mwanafunzi_Tabibu
Nzima, akiwa ametulia. 58, nyingi mno kwa mtoto wa miezi 4. Amelazwa.