Naomba msaada: huyu bata domo-njano ni halisi au chotara?

Habari za muda huu wakuu,

Huu ni mwaka wa pili naangalia ndege wa majini, na bata bado wananisumbua. Kwenye bwawa ninalolizoea kuna kundi la bata domo-njano. Wanafanana wote: mdomo wa njano iliyokolea wenye baka jeusi juu, kichwa cha kijivu, na manyoya yenye kingo nyeupe kama magamba ya samaki. Sasa kuna mmoja kila nikimtazama roho inakataa. Njano ya mdomo wake imepauka, kifua kina wekundu wa kahawia, na mwili ni mnene kidogo kuliko wenzake.

Kuna aliyeniambia ni bata mweusi wa mitoni, mwingine akasema ni jike la bata kichwa-kijani. Mnawatofautisha vipi? Nataka niandike jina sahihi kwenye daftari.

Mzee wa Darubini
Bata mweusi mtoe kabisa mkuu. Yule ni mweusi wa mkaa na mgongoni ana madoa meupe. Anapenda mito inayotiririka yenye miti kingoni, na mara nyingi utawakuta wawili wawili, si kundi bwawani.

Jike la kichwa-kijani ndilo la kuchunga. Mdomo wake ni wa chungwa wenye weusi katikati, na kwa mbali unaweza kuapa kwamba ni njano. Lakini ana mstari mweusi unaopita jichoni, mwili wa kahawia, na miguu ya chungwa. Domo-njano hana mstari huo, na miguu yake ni ya rangi ya giza. Miguu umeiona?

Tope Magotini
Naongezea: usihukumu kwa mdomo peke yake. Tope na mwanga wa jioni hubadilisha rangi sana. Subiri anyooshe bawa. Kile kiraka kinachong'aa, kwa domo-njano wengi ni kijani chenye ukingo mweupe, na kwa kichwa-kijani ni bluu inayoelekea zambarau. Ila domo-njano wa Ethiopia nao wana bluu, kwa hiyo bluu tu haitoshi kumshuku ndege.

Nyoya Moja
Kwani akiwa chotara kuna shida gani?

Mzee wa Darubini
Shida ipo, ndugu yangu. Chotara hawa wa domo-njano na kichwa-kijani wanazaa vizuri tu, na watoto wao wanarudi kuzaa na domo-njano. Vizazi vikipita, damu halisi inapungua huku bwawa likionekana limejaa bata. Afrika Kusini kichwa-kijani wamewekwa kwenye orodha ya viumbe vamizi kwa sababu hiyohiyo. New Zealand wamechanganyika mno na bata wa kijivu wa kule. Na kumbuka bata wengi wa kufugwa asili yao ni kichwa-kijani, kwa hiyo akitoroka mmoja bandani inatosha.

Mleta uzi, chotara hana sura moja. Mwingine anafuata baba, mwingine mama. Tafuta dalili mbili tatu zinazokubaliana: mng'ao wa kijani kichwani, alama ya pete nyeupe shingoni, miguu ya chungwa, na kwa dume, manyoya ya juu ya mkia yaliyojikunja.

Mleta uzi: MREJESHO
Wakuu, leo nimefika alfajiri nikakaa kimya karibu na nyasi. Alipanda ukingoni hatua kama kumi kutoka nilipo, akajikung'uta, akaanza kuchambua manyoya. Miguu ni ya chungwa, haina ubishi. Juu ya mkia kuna nyoya moja limejikunja kama ndoana. Alipogeuza kichwa juani, nyuma ya jicho pakang'aa kijani kwa sekunde mbili, kisha kikarudi kijivu.

Nimemwandika chotara wa domo-njano na kichwa-kijani, dume. Kilichoniuma ni kwamba jike lililokuwa ubavuni mwake ni domo-njano safi, na muda wote hawakuachana.

Tope Magotini
Endelea kufuatilia hilo jike mkuu. Wakitokea vifaranga, waandike tangu siku ya kwanza, na uwapige picha za miguu wakianza kuota manyoya ya ukubwani.