Mzee anakohoa damu, kipimo kinasema hana TB. Naombeni ushauri

Kitinda_Mimba: Wakuu, mzee wangu ana miaka 61. Aliugua TB miaka 9 iliyopita, akamaliza dozi, akapona. Tangu mwezi jana makohozi yake yana michirizi ya damu. Usiku wa kuamkia leo imetoka damu tupu, nyekundu, ina povu, kama vijiko viwili vya chakula. Makohozi yamepimwa mara mbili, TB hamna. Ndugu wengine wanasema vidonda vya tumbo, wengine wanataka aanzishiwe tena dawa za TB. Nimechanganyikiwa.

Nesi Mstaafu: Pole sana. Damu ya tumboni hutapikwa, mara nyingi nyeusi kama machicha ya kahawa. Nyekundu yenye povu hiyo ni ya kifuani. Na dawa za TB msimpe kwa kubahatisha! TB ikipona huweza kuacha matundu kwenye pafu, na kuna ukungu unaitwa Aspagilasi unaopenda kuota humo mpaka ukawa donge. Pengine ni njia za hewa zilizotanuka na kuharibika. Zote hutoa damu bila TB kuwepo. Eksirei peke yake inaweza isitoshe, ulizieni CT skani ya kifua. Alivuta sigara?

Kitinda_Mimba: Alivuta miaka mingi, ameacha.

Nesi Mstaafu: Basi saratani nayo itafutwe. Ila hivyo vijiko viwili vinatosha, aende hospitali leo hii. Kinachoua hapa mara nyingi si kuishiwa damu, ni damu kujaa njia ya hewa akakosa pumzi. Kama pafu linalovuja linajulikana, alalie upande huo, lile zima lisiingiwe. Akohoe ateme, asiizuie.

Bi Mkubwa: Mama mdogo yalimpata haya haya. Walimpa dawa ya kugandisha damu, wakaingiza kamera kwenye njia ya hewa, kisha mrija mwembamba kupitia mshipa wa paja mpaka kwenye ule uliokuwa unavuja, wakauziba. Hakupasuliwa. Baada ya mwaka damu ilirudi, wakaziba tena.

Mzee Kijana: Swali dogo, kuna dawa ya kulainisha damu anatumia? Warfarin, aspirini?

Kitinda_Mimba: Duh. Aspirini, kila siku, ya moyo. Hakuna aliyemwambia daktari wa kifua. Nabeba na pakiti yake, tunatoka sasa hivi.