Kwa mara ya mwisho: HAWAKUFA kwenye ile ajali ya ndege. Acheni kuipotosha Lost

Wakuu, heshima kwenu. Ambaye hajaitazama Lost, ile tamthilia ya Marekani ya abiria walioanguka na ndege kisiwani, na ana mpango wa kuitazama, aufunge uzi huu sasa hivi. Naomba kwa dhati, maana mimi niliharibiwa na sitaki kumharibia mtu.

Jana jioni kwenye daladala kulikuwa na vijana wawili mbele yangu. Mmoja anamwambia mwenzake anataka kuanza Lost. Mwenzake akamkata hapohapo: "Achana nayo, misimu sita ya kupotezewa muda, mwisho unaambiwa kumbe wote walishakufa kwenye ajali." Yule wa kwanza akasema basi, ngoja nitafute nyingine. Nilishuka kituoni kwangu nimekasirika kiasi kwamba nimepita duka la mkate bila kununua mkate.

Sehemu ya mwisho ya tamthilia hii ilirushwa na kituo cha televisheni cha ABC kule Marekani tarehe 23 Mei 2010. Kule peke yake iliangaliwa na watu zaidi ya milioni 13. Tangu siku ile mpaka leo watu wanapokezana uongo uleule, tena kwa kujiamini, na wengi wao ukiwabana kidogo unagundua hawakuimaliza. Wameambiwa na mtu aliyeambiwa na mtu.

Mimi ni mmoja wa walioumizwa na uongo huo. Enzi zile tulikuwa tunakodi DVD kwa kijana mmoja mtaani, zile DVD moja inabeba msimu mzima na maandishi ya chini yasiyoeleweka. Nilikuwa msimu wa tatu, nimenogewa, silali. Siku hiyo nimeenda kuchukua wa nne, jamaa ananipa huku anacheka: "Unajisumbua tu, hao wote marehemu." Nikairudisha palepale. Sikuigusa tena kwa miaka sita. Miaka sita, wakuu, kwa sentensi moja ambayo hata kweli haikuwa.

Niliirudia mwaka 2016, na sababu yenyewe haikuwa burudani. Tulikuwa tumetoka kumzika baba. Tulimsafirisha kutoka Dar hadi Songea, usiku kucha kwenye kosta, jeneza katikati yetu. Nikiwa nimekaa pale nikamkumbuka Jack, yule daktari, mhusika mkuu wa Lost. Wengi mnasahau kwamba Jack hakuwa kwenye ile ndege kwa matembezi. Alikuwa anatoka Sydney kwenda Los Angeles akimrudisha baba yake akazikwe. Ndege inaanguka kisiwani, analitafuta jeneza, analikuta, anafungua, halina kitu. Mtu wa kwetu anajua uzito wa jambo hilo bila kuelezwa. Mzee hujamzika, mwili huuoni, na mliachana vibaya. Niliporudi Dar nikaitafuta upya, nikaanza sehemu ya kwanza kabisa hadi ya mwisho. Ndiyo maana ninapomsikia mtu anasema "kumbe walikufa wote", naona ananivunjia kitu ninachokiheshimu.

Sasa tuelewane taratibu.

Msimu wa sita ulianza kutuonyesha maisha mawili kwa pamoja. Moja ni kisiwani, mambo yanaendelea pale msimu wa tano ulipoishia. La pili, ndege ileile ya Oceanic 815 inatua Los Angeles salama na kila mtu anashika njia yake. Wengi tulidhani ni matokeo ya lile bomu lililolipuliwa mwishoni mwa msimu wa tano. Kwenye sehemu ya mwisho ndipo tunaambiwa kwamba yale maisha ya pili, ya ndege kutua salama, ndiyo mahali pa baada ya kufa. HAYO. Siyo kisiwa. Kisiwa kilitokea. Ajali ilitokea na watu wakapona. Kati ya abiria hao, Boone alikufa kisiwani, Charlie alizama majini kweli, Sun na Jin walifia ndani ya nyambizi wameshikana mikono.

Na hili halikufichwa. Baba yake Jack, yule marehemu, anamwambia mwanawe ndani ya kanisa wanamokutana baada ya kufa, kwa maneno ya kawaida kabisa, kwamba yote yaliyompata ni ya kweli, kwamba kila mtu hufa siku yake, wengine walimtangulia na wengine walikufa muda mrefu baada yake. Mzee kaeleza kama anavyomweleza mtoto! Mtu anawezaje kusikia "muda mrefu baada yako" halafu atoke na "wote walikufa siku moja"?

Kama masikio yamegoma, tumieni macho. Jack amelala kwenye mianzi, mbwa Vincent anakuja kulala pembeni yake, na juu inapita ndege. Ndani yake wamo wenzake wa kisiwani: Kate, Sawyer, Claire, Richard, Miles na rubani Lapidus. Wanaondoka wakiwa hai, yeye anawaona, ndipo jicho linafumba. Lilelile lililofumbuka kwenye picha ya kwanza kabisa mwaka 2004. Kama wote ni maiti, ile ndege imembeba nani?

Halafu nijibuni kuhusu Penny. Yule mpenzi wa Desmond yumo kanisani, amekaa na mwenzake. Penny hajawahi kupanda Oceanic 815. Desmond naye hakuipanda, alifika kisiwani kwa mashua miaka mitatu kabla ya ajali. Juliet, daktari aliyekuwa kisiwani kabla ya ajali, aliletwa kwa nyambizi. Sasa hawa walikufaje kwenye ajali ya ndege ambayo hawakuwemo?

Najua uongo ulipoanzia, na hapa hasira yangu inahamia kwa kituo chenyewe. Baada ya jicho la Jack kufumba, majina ya waigizaji yakiwa yanapita, ABC waliweka picha za mabaki ya ndege ufukweni. Kimya, mawimbi, hakuna mtu hata mmoja. Watu wakaziona, wakasema ahaa, kumbe hakuna aliyepona. Ndani ya siku chache kituo kikalazimika kutoa maelezo kwamba picha zile hazikuwa sehemu ya hadithi, ziliwekwa ili mtazamaji apumue kidogo kabla ya kuingia taarifa ya habari. Mwaka 2014, wahusika walipokutana Los Angeles kuadhimisha miaka kumi, mmoja wa waandishi wakuu, Carlton Cuse, akarudia tena mbele ya watu: hapana, hawakuwa wamekufa muda wote. Lakini nani alisikiliza? Unachukua kazi ya watu ya miaka sita, sehemu zaidi ya mia moja, dakika ya mwisho unaibandika picha isiyohusika na hadithi kwa sababu ya ratiba ya habari. Mtu aliyefanya uamuzi ule sijui kama analala vizuri.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki. Ndani ya hadithi yenyewe, msimu wa nne, kuna mtu alizamisha ndege ya bandia chini ya bahari, ikiwa na maiti, ili dunia iamini abiria wote 324 wamekufa na watu waache kutafuta. Ben na Widmore, mahasimu wawili wanaokigombea kisiwa, wanasingiziana ni nani aliyeiweka. Tulikaa tukatazama uongo ule ukitengenezwa mbele ya macho yetu, tukajua ni uongo, halafu tukaonyeshwa mabaki matupu kwa dakika moja na sisi wenyewe tukaacha kutafuta.

Mwandishi mwenzake, Damon Lindelof, alitukanwa kwa miaka. Septemba 2013 tamthilia nyingine kubwa ilipomalizika na kusifiwa, watu wakamfuata kwa mamia kumkumbusha jinsi yeye alivyoharibu ya kwake. Mwezi uliofuata akaondoka Twitter. Kukosoa ni haki. Lakini kumwandama binadamu kwa kosa ambalo hakulifanya, kwa mwisho ambao hakuuandika, hilo ni dhuluma, na wengi wa waliokuwa wakiandika matusi yale hawakuwa wamesikiliza mazungumzo ya kanisani hadi mwisho.

Sisemi sehemu ile haina kasoro. Mbona kasoro zipo, na mngezisema hizo tungekuwa pamoja! Walt. Msimu mzima tunaaminishwa yule mtoto ana kitu cha ajabu, watu wanamteka kwa ajili hiyo, kisha anawekwa pembeni kama vile hakuwahi kuwepo. Kanisani hayumo. Baba yake Michael hayumo. Eko, kasisi wetu Mnigeria, mmoja wa wahusika wenye uzito kuliko wote, aliuawa mapema msimu wa tatu na kanisani hayumo pia. Mtazamaji Mwafrika anaangalia yale mabenchi, anahesabu waliokosekana, na inamuuma. Mimi iliniuma. Na Sayid! Mtu amemtafuta Nadia nchi hadi nchi, akamuoa, akampoteza, halafu mwisho, kwenye yale maisha ya baada ya kufa, anayemwamsha akumbuke ya kisiwani ni Shannon, binti waliyekuwa naye siku chache ufukweni. Sitakubali kamwe, na anayetaka kufungua uzi wa hilo aniite nitakuja. Lile pango la mwanga lenye kizibo cha jiwe, ule moyo wa kisiwa, nalo nimelitazama mara tatu, bado naona walikuwa wamebanwa na muda.

Hizo ni hoja. Mtu akiziweka mezani najua ameangalia.

NYONGEZA: Naona majibu yameanza. Mkuu uliyeandika "kwa nini unalia kwa tamthilia ya Wazungu ya 2010", nimeshakueleza juu kwamba niliiangalia nikitoka kuzika, sina la kuongeza. Soma tena.

Dada uliyeuliza kama walikutana kanisani kwa wakati mmoja ilhali walikufa miaka tofauti: ndiyo, na ndilo jambo zuri kuliko yote mle. Baba yake Jack anasema pale hakuna "sasa". Hurley, abiria mwenzao, alibaki kukilinda kisiwa, Ben akiwa msaidizi wake, na wanapozungumza nje ya kanisa wanashukuriana kwa kazi waliyofanya pamoja. Yaani Hurley kaishi, kazeeka huenda, ndipo akafika. Kate naye anamwambia Jack amemkumbuka mno. Kwa Jack ni jana tu waliagana. Kwa Kate ilikuwa maisha yake yote yaliyobaki. Maneno yale machache tu yanatosha kuuvunja uongo wote, na mimi kila nikifika hapo nasimamisha kwanza.

Na wewe uliyesema "ila mwisho ulikuwa mbaya tu, hata kama hawakufa", sawa, huo ni mtazamo wako na siugusi. Uchukie kwa kile kilichomo. Nilichokataa ni kuuchukia mwisho ambao haupo na kuwafukuza wengine kwa ajili yake.

Kuanzia sasa anayekuja kubisha kwenye uzi huu ataje msimu upi, sehemu ipi, nani alisema. "Nilisikia" sitaijibu. Na kama kuna anayemfahamu yule kijana wa daladala, alikuwa na begi jekundu na alishuka Mwenge, mwambieni rafiki yake amemdanganya, aanze tu sehemu ya kwanza leo usiku.