Valvu nne za 811A: nitapataje wati safi bila kutapakaa?

Fundi_Ngamiani

Shikamooni wazee wa redio. Niko Tanga, Ngamiani. Nina ampu ya zamani (kikuza nguvu ya redio) ya valvu nne za 811A, na volti ya pleti (sehemu ya valvu inayopokea elektroni) ni kama 1,650 nikiwa sijaongea. Redio yangu ni ya wati 100. Mchana kwenye mita 40 (masafa ya kama megahezi 7) sina tatizo, mita ya wati inagusa 600. Ikishafika saa mbili usiku, jamaa wa Muheza analalamika kwamba natapakaa (navuka kuingia masafa ya wengine) kilohezi tano kila upande, hamsikii mtu mwingine. Namna ninavyotyuni: naiweka redio kwenye wati 25, nazungusha kapasita zote mbili, ya tyuni na ya loadi (inayopitisha nguvu kwenda antena), mpaka wati zifike kileleni, kisha naipandisha redio na kuanza kuongea. Nikipaza sauti mshale wa gridi (waya wa ndani ya valvu unaodhibiti elektroni) unaruka vibaya. Je, valvu zimechoka? Seti mpya ni pesa nyingi, sitaki kununua kwa kubahatisha.

MzeeRaskazone

Marahaba mwanangu. Usinunue kitu kwanza. Hizo wati 25 ndizo zinazokuharibia.

Ulipotyuni kwa nguvu ndogo, kapasita ya loadi imekaa mahali panapofaa nguvu ndogo. Ukipaza sauti, redio inasukuma zaidi ya mara mbili ya hapo, lakini njia ya kutokea kwenda kwenye antena bado ni nyembamba. Volti ya pleti inashuka mno kwenye kila kilele cha wimbi, gridi inavuta mkondo ambao ulipaswa kwenda kwenye pleti, na kilele kinakatwa bapa. Mshale wako umekuwa ukikueleza hilo muda wote. Huo ubapa ndio uchafu anaousikia mwenzio wa Muheza.

Tyuni kwa nguvu ileile utakayoongelea, au juu yake kidogo. Tafuta wati za juu kabisa, kisha fungua loadi kidogo zaidi ya hapo, yaani punguza kapasita, na urekebishe tyuni. Wati zitashuka kidogo na mkondo wa gridi utashuka sana. Acha hapo, halafu ndipo upunguze nguvu ya redio.

Ila fanya haraka, sekunde chache, kisha pumzisha. Kila 811A pleti yake inastahimili joto la wati 65, kwa hiyo zote nne ni 260. Ukitoa 600 mfululizo huku ampu inakula kama 1,000, wati 400 zinabaki ndani kama joto. Ukiona pleti zinaiva nyekundu, achia mara moja.

Halafu nipe jibu la jambo moja: saa mbili usiku soketi yako inasoma volti ngapi?

Fundi_Ngamiani

Nimepima sasa hivi, 197. Mchana ilikuwa 231.

MzeeRaskazone

Basi umepata nusu nyingine ya jibu. Piga hesabu: 1,650 yako inashuka mpaka kama 1,400, na filamenti (waya unaowaka ndani ya valvu) inayotaka volti 6.3 inapata kama 5.4. 811A inataka ibaki ndani ya asilimia 5, yaani isishuke chini ya 6. Filamenti ikipoa haitoi elektroni za kutosha, kilele kinakatwa mapema hata kama umetyuni vizuri, na valvu yenyewe inaumia. Tafuta variaki (transfoma ya kurekebisha volti kwa kuzungusha) ya kutosha ampea 10, irudishe 230 kabla hujaongea. Stebilaiza ya rilei siipendi kwa kazi hii, maana inarukaruka unapoongea, sauti ikipanda na kushuka.

Pwani_Pangani

Naongeza mawili. Kwanza, mwambie huyo wa Muheza awashe ateniueta (kipunguza mawimbi yanayoingia) na apunguze RF gain (ukali wa kupokea) kabla hajakuhukumu. Mko karibu mno, huenda redio yake yenyewe ndiyo inazidiwa. Akusikilize ampu ikiwa imezimwa, kisha imewashwa, sindano ya S (kipimo cha nguvu ya mawimbi) ikiwa palepale.

Pili, chumvi. Huku kwetu viungo vya antena vinaota kutu ya kijani, na kiungo kibovu kinazalisha uchafu wake chenyewe. Kata, kwangua, chomelea upya, funika. Na kama una osiloskopu (chombo cha kuonyesha umbo la wimbi), ingiza toni mbili, 700 na 1,900 hezi, uangalie vilele: viwe vya mviringo. Vikiwa bapa, kule nje utasikia mabaki kwenye 3,100 na 4,300.

Fundi_Ngamiani

Ahsanteni sana. Nimetyuni kama alivyosema mzee, gridi imetulia, lakini napata 450 tu. Si hasara hiyo?

MzeeRaskazone

Kutoka 600 mpaka 450 ni desibeli 1.25. S moja ni desibeli 6. Hakuna mtu duniani atakayeiona tofauti hiyo kwenye sindano yake, ila jirani kwenye masafa ataona kwamba umehama kilohezi zake, na ana haki nazo kama wewe.

Zima kompresa ya redio (inayopandisha sauti ndogo) kwanza, uirudishe kidogo kidogo ukiwa unaangalia gridi. ALC (udhibiti wa nguvu unaojiendesha) usiitegemee ikushike mkono, redio nyingi zinatoa mruko wa wati 100 mwanzoni mwa neno kabla ALC haijaamka. Na kabla hujafungua kifuniko: chomoa plagi, subiri kapasita zimwage umeme, kisha gusisha pleti kwenye chesi kwa fimbo ya plastiki yenye waya wa ardhi. Volti 1,650 zinaua.

Variaki ukiipata, tuandikie filamenti inasoma ngapi saa mbili usiku.