Naomba ushauri: msako wa magobore Urambo, mzee ana shotgani ya leseni. Polisi wakija bila hati tufanyeje?

Jani la Tumbaku:
Wakuu, habari za jioni, na shikamoo kwa wakubwa. Mzee ana shotgani ya kipenyo 12, leseni ipo na imelipiwa. Huku vijiji vya Urambo kuna msako wa magobore, wanapita nyumba hadi nyumba. Mzee muda mwingi yuko shambani upande wa Kaliua, nyumbani anabaki mama na wadogo zangu. Naomba kujua: wanaruhusiwa kuingia ndani bila hati ya upekuzi? Wakimkuta mama peke yake inakuwaje? Na bunduki yenye leseni wanaweza kuondoka nayo? Tusije tukabishana kwa ujinga, au tukanyamaza kwa ujinga.

Karani Mstaafu:
Marahaba. Kwanza ondoa dhana kwamba hati ya upekuzi ni lazima itoke mahakamani. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kinampa mkuu wa kituo, yaani OCS, nguvu mbili: kupekua yeye mwenyewe, au kumpa askari wa chini yake idhini ya maandishi. Masharti ni kwamba awe na sababu za msingi za kushuku, na kwamba kuchelewa kutafanya kitu kiondolewe, kiharibiwe au kihatarishe maisha au mali. Kwa hiyo akija OCS mwenyewe mlangoni hana karatasi, usikimbilie kusema amevunja sheria. Akija koplo na wenzake wawili, hapo uliza: "Afande, naomba kuona idhini ya mkuu wa kituo."

Njia ya pili ni kifungu cha 42, upekuzi wa dharura bila hati yoyote. Hapa ndipo askari wengi hujificha na ndipo kesi nyingi huanguka. Kifungu kinataka mambo mawili kwa pamoja: askari aamini kwa sababu za msingi kwamba asipoingia sasa hivi kielelezo kitapotea, na mazingira yenyewe yawe mazito na ya haraka kiasi cha kutosubiri hati. Taarifa iliyopokelewa jana mchana, wakapanga gari, wakalala, wakaja leo alfajiri, hiyo dharura iko wapi? Muda wa kuandika karatasi moja kituoni ulikuwepo. Mahakama ya Rufani imeshatupilia mbali vielelezo katika mazingira ya namna hiyo, na bila kielelezo mashtaka ya kupatikana na silaha hayana miguu.

Kuhusu saa: hati ya mahakama hutekelezwa kati ya mawio na machweo, Jumapili ikiwemo, isipokuwa mahakama iwe imeruhusu saa nyingine. Wakigonga mlango na hati ya mahakama saa nane usiku, isomeni kama ruhusa hiyo imo.

Namba za vifungu ninazotaja ni za toleo la 2022. Kwenye Toleo la Marekebisho la 2023 namba zimesogea, kwa hiyo tafuta kwa kichwa cha kifungu, usibishane na mtu kwa namba.

Mama Ntilie wa Stesheni:
Maneno ya mlangoni yapimwe. Ukisema "karibuni, pekueni tu" umeridhia, baadaye utakosa pa kushika. Ukisimama mlangoni na kupanua mikono umemzuia askari kufanya kazi yake, hilo ni kosa jingine, na watakubeba kwa hilo hata kama ndani hamna kitu. Sema hivi, kwa sauti ya kawaida, majirani wasikie: "Siridhii kupekuliwa bila hati, ila siwazuii." Halafu sogea.

Karani Mstaafu:
Hapo mama amemaliza. Nyongeza: kabla hawajaingia, omba mambo mawili. Aitwe mwenyekiti wa kitongoji au mtu mwingine asiye askari wala mtoa taarifa, na askari watakaoingia wajipekue mbele yenu, mifuko nje. Ni utaratibu wa kawaida wa polisi wenyewe, hawatashangaa. Gobore ni refu, haliingii mfukoni. Risasi moja inaingia, na baruti ya kujaza kiganja inaingia.

Upekuzi uende chumba kwa chumba, shahidi na mwenye nyumba wakiwa ndani ya chumba hichohicho. Kosa kubwa ni askari watano kutawanyika vyumba vitano huku mwenye nyumba amekalishwa sebuleni, kisha mmoja anatokea stoo na kitu mkononi. Shahidi atakayesema mahakamani "nilikuwa uani nikaonyeshwa" hana msaada kwa upande wowote.

Jani la Tumbaku:
Asanteni sana wakubwa. Na mama akiwa peke yake?

Karani Mstaafu:
Upekuzi wa nyumba unaweza kufanyika mwenye nyumba akiwa hayupo. Sheria inamtambua mkaaji, ndugu wa karibu au yeyote aliye na usimamizi wa eneo, na ndiye atakayesaini stakabadhi. Kumpekua mama mwilini ni habari nyingine: kifungu cha 26 kinasema mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa staha. Kama hawakuja na askari wa kike, mama asiguswe hadi aitwe mwanamke mwenzake.

Ila swali lako kubwa siyo hilo, na naona hujaliona. Leseni ni ya mzee, siyo ya familia. Mzee yuko Kaliua, bunduki iko Urambo, funguo za sanduku anazo nani? Kama anazo mama, askari anayejua kazi yake atauliza silaha iko mikononi mwa nani. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Na. 2 ya 2015, kinakataza mtu kumiliki silaha bila leseni, na mama hana. Shtaka hilo huandikwa kama uhujumu uchumi chini ya Sheria ya Udhibiti wa Uhujumu Uchumi, Sura ya 200, linahitaji kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka, na adhabu yake chini ya sheria hiyo ni miaka 20 hadi 30. Siyo kwamba mama atafungwa kwa sababu mumewe yuko shambani. Nasema hamna sababu ya kumweka kwenye maelezo ya namna hiyo.

Fundi Mtutu:
Naongezea hapo kwa upande wa chuma chenyewe.

Mzee akisafiri zaidi ya siku moja au mbili ana njia mbili safi. Aende nayo, akiwa na leseni mfukoni. Au aikabidhi kituo cha polisi kwa maandishi, ihifadhiwe ghalani. Akikabidhi, karatasi ya mapokezi iandikwe aina ya silaha, kipenyo, namba iliyogongwa kwenye chuma, na idadi ya risasi kwa tarakimu na kwa maneno. Karatasi isiyo na namba ya silaha ni sawa na hakuna.

Kwa safari ya mchana mmoja: sanduku la chuma lililofungwa kwa bolti ukutani au sakafuni, risasi kwenye kisanduku kingine chenye kufuli lake, funguo zote mbili anaondoka nazo mzee. Shotgani ya kukunja ni bora itenganishwe mtutu na kitako kabla ya kufungiwa.

Sasa yanayowaponza wenye leseni, maana wengi hawaponzwi na bunduki, wanaponzwa na vitu vya pembeni:

Risasi. Leseni inaruhusu idadi fulani, mtu ananunua leo, ananunua kesho, anasahau. Zikihesabiwa zinazidi. Hesabuni leo.

Risasi za kipenyo kingine. Mtu alipewa na rafiki risasi mbili za raifo "kumbukumbu", ziko kwenye droo. Leseni ya shotgani haizifuniki.

Gobore la babu darini. Hili ndilo la Unyamwezini hasa. Liko juu ya kenchi tangu enzi, limeota kutu, watu wanaliona kama jembe bovu. Mbele ya sheria ni silaha isiyo na leseni. Kama lipo, lisalimishwe kabla ya msako kufika, mkiongozana na mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji, mpewe karatasi. Msilifukie na msilitupe mtoni. Likipatikana baadaye, aliyelifukia ndiye atakayeonekana alikuwa na cha kuficha.

Namba iliyofutika. Chuma kikiota kutu kwenye namba, mtu anapiga msasa ang'arishe, anafuta tarakimu. Futa kwa mafuta na kitambaa tu. Silaha yenye namba isiyosomeka hailingani na leseni yoyote.

Jani la Tumbaku:
Duh. Nitaongea na mzee usiku huu. La tatu je, wanaweza kuichukua ikiwa na leseni?

Karani Mstaafu:
Wanaweza, kama wana sababu za kushuku imetumika kwenye kosa, leseni imeisha, au namba hazilingani. Kwa sababu tu "kuna msako", hapana. Wakitaka kuhakiki, leseni na silaha vinaonyeshwa palepale, au mzee anaambiwa aipeleke kituoni. Aipeleke tupu, imefunikwa, risasi kando. Asipande nayo bodaboda imening'inia begani. Barabara nzima itapiga simu.

Wakiichukua, pambano lote liko kwenye karatasi. Kifungu cha 38(3) cha Sura ya 20 kinataka stakabadhi yenye saini ya mwenye mali au mkaaji, na ya mashahidi kama wapo. Polisi hutumia hati ya ukamataji mali, na mahakama huikubali ikiwa imesainiwa na watu walewale. Msisaini nafasi zikiwa wazi. Msisaini kituoni karatasi inayodai imejazwa nyumbani. Ikiandikwa "silaha moja na risasi kadhaa", mwambieni kwa adabu, "Afande, tuandike ngapi." Kama hamkubaliani na kilichoandikwa, andikeni juu ya saini: "nimesaini kuthibitisha nimepokea, sikubaliani na maelezo." Pigeni picha karatasi hiyo kama wakiruhusu, wakikataa, inakilini kwenye daftari mara wakiondoka, na saa, majina yaliyotajwa na namba ya gari.

Asali ya Sikonge:
Msichanganye polisi na askari wa wanyamapori. Huku kwetu karibu na mapori ya Ugalla wanaogonga mlango mara nyingi ndio hao, na wanafuata sheria nyingine. Kifungu cha 106 cha Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 kinawaruhusu kupekua bila hati eneo, hema au gari, lakini nyumba ya kuishi hawaingii bila hati isipokuwa awepo walau shahidi mmoja huru. Kwa hiyo kwao swali la kwanza siyo "hati iko wapi", ni "shahidi ni nani". Askari mwenzao siyo shahidi huru, wala dereva wao.

Mtandao Bure:
Kuna klipu inazunguka, Mahakama ya Juu ya Marekani ilishasema polisi hawawezi kuingia nyumbani kuchukua bunduki bila hati. Si mzee aitaje hiyo?

Karani Mstaafu:
Hiyo ni Caniglia dhidi ya Strom, Mei 2021, majaji wote tisa. Polisi wa Rhode Island waliingia kuchukua bastola za mtu aliyekuwa amepelekwa hospitali, wakajitetea kwamba walikuwa wakitunza usalama wa jamii. Mahakama ikasema utetezi huo haufungui mlango wa nyumba ya mtu. Ni Katiba yao. Ya kwetu Ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu na maskani yake, kisha inaiachia sheria iweke utaratibu wa lini faragha hiyo inaingiliwa. Mbele ya hakimu wa Urambo taja Ibara ya 16 na Sura ya 20, Rhode Island iache huko.

Jani la Tumbaku:
Swali la mwisho. Wakivunja utaratibu, kesi inakufa yenyewe?

Karani Mstaafu:
Haifi yenyewe. Kifungu cha 169 cha Sura ya 20 kinaipa mahakama uamuzi: ushahidi uliopatikana kwa kukiuka sheria hiyo haupokelewi, isipokuwa mahakama iridhike kwamba kuupokea kuna faida mahususi na kubwa kwa umma bila kuumiza haki za mtu isivyostahili. Pingamizi linatolewa pale shahidi anapoomba bunduki au hati ya ukamataji ipokelewe kuwa kielelezo, siyo wakati wa utetezi. Mshtakiwa asiye na wakili huulizwa "una pingamizi?", naye husema "sina" kwa heshima, na hapo kielelezo kimeshaingia.

Jambo jingine ni mnyororo wa utunzaji: nani alikamata, nani alimpokea, wapi ilihifadhiwa, nani aliipeleka kwa mtaalamu wa balistiki, yaani mchunguzi wa silaha na risasi. Uamuzi wa Mahakama ya Rufani kwa Paulo Maduka na wenzake, Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007, ndio hutajwa sana. Kwa bunduki yenye namba mahakama hulegeza kidogo, kwa kuwa kitu hicho hakibadilishwi kirahisi. Kwa gobore lisilo na namba, kila makabidhiano yasiyoandikwa ni tundu.

Fundi Mtutu:
Dogo, nakala ya leseni ya mzee iko wapi?

Jani la Tumbaku:
Ipo moja tu, ndani ya sanduku la bunduki.

Fundi Mtutu:
Haya. Kesho toa kopi tatu: moja kwa mama, moja kwako, moja kwa mwenyekiti wa kitongoji. Halisi aondoke nayo mzee.