Naomba ushauri: nianze na ardhi au na watu katika historia ya Graham, Kansas?

Ndugu zangu, ninaandaa somo fupi la jiografia na historia kuhusu kaunti ya Graham, magharibi mwa Kansas nchini Marekani, nami nimekwama kwenye mpangilio.

Ni nchi ya nyasi, yenye mvua haba na miti michache inayofuata kingo za mto Solomon, na sensa ya 2020 ilihesabu huko watu wapatao 2,400 tu. Hata hivyo, mwaka 1877 Waafrika-Wamarekani waliotoka Kentucky, wengi wao wakiwa wamezaliwa utumwani, walianzisha hapo makazi ya Nicodemus. Williana Hickman, aliyefika mwaka 1878, alisimulia kwamba alipouliza mji uko wapi alionyeshwa moshi ukifuka kutoka ardhini, kwa kuwa watu waliishi katika mashimo waliyoyachimba, naye akaangua kilio. Miaka kumi baadaye reli ilipita upande wa pili wa mto, na wafanyabiashara wakaifuata.

Mimi naelekea kuanza na moshi ule, kisha nieleze ukame na ukosefu wa mbao, ila mwenzangu anasisitiza kwamba ramani itangulie. Je, mliowahi kufundisha mngeshauri nini? Pia, neno "kaunti" linatosha, ikiwa wanafunzi wangu wa Kenya watafikiria serikali yenye gavana, jambo ambalo Graham haina?